Mng'oaji Aliyejua Vinywa Vyetu

Kabla hajakung'oa jino alikuzaba kofi kwanza, kwa mkono wa kushoto. Usidhani natia chumvi. Nimezabwa mara mbili, najua ninachosema. Unakaa mchangani mbele ya mlango wake, unafungua kinywa, unaanza kumweleza jinsi jino lilivyokushika juzi ulipokuwa unatafuna muhogo, mara paa! Kofi la upande usiouma. Machozi yanakutoka, unataka kuuliza umemkosea nini, na ukija kuzinduka goti lake liko kifuani mwako na koleo limo ndani. Akimaliza anakuuliza, "Ulisema panauma wapi vile?" Hujui tena, maana uso mzima unawaka moto.

Sisi wa Lyulilo tulimwita Mng'oaji, basi. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, lakini halina kazi hapa, na ukoo wake autafute anayeutaka. Alishuka kutoka Ukinga, milimani huko juu ya Matema, akiwa mke wa mhunzi. Mhunzi alipokufa alimwachia makoleo matatu na kibanda cheusi kwa moshi karibu na soko. Ujirani wetu ulianza wakati wa Mdachi. Mimi nilikuwa mke mpya wa mvuvi, nafinyanga vyungu vya kuuza, na uzio kati yangu na yeye ulikuwa wa matete tu.

Ulimi wake, loo! "Fungua hilo pango." "Kinywa chako kinanuka kama mtego wa samaki uliosahauliwa." "Usinililie, hukuja hapa kuzikwa." Hata wazee wa heshima, watu wanaoamkiwa kwa kupiga magoti, walipata hisa yao ya matusi. Na walirudi, kwa sababu jino halina heshima, likikushika unakwenda popote. Wamisionari walijaribu kumfundisha upole. Alikwenda kanisani majuma mawili, la tatu akagombana na mzee wa kanisa kuhusu gego lake, akaacha.

Kupigana kwake hakukuwa na msimu. Siku moja lilikuja jitu la miraba minne kutoka Katumba Songwe, limetembea kutwa mbili shavu limevimba. Maumivu yalimpanda kichwani akachomoa kisu. Mng'oaji alimpiga koleo la kifundo cha mkono, nikausikia mfupa ukivunjika kule nilikokuwa nasugua chungu kwa jiwe. Kisha aling'oa jino, kama kawaida. Halafu, jamani, mwanamke yuleyule aliufunga ule mkono kwa vijiti na maganda ya mgomba, akamlaza yule mtu nyumbani kwake siku nne, anamnywesha uji wa ndizi. "Ndaga fijo, mama," jitu lilishukuru kila lilipomeza. "Meza, mjinga wewe," naye anamjibu. Alipoondoka, Mng'oaji alimrudishia na kisu chake.

Boma la Wadachi lilikuwa bado kule chini ziwani, halijahamia milimani. Shaushi mmoja wa bomani alikuja kung'olewa. Alipozabwa lile kofi aliona ameaibishwa mbele ya askari wake, akamrudishia kwa kitako cha bunduki. Mng'oaji akatema damu, akajifuta midomo, akasema kwa adabu ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Haya, bwana mkubwa, kaa sasa." Akamng'oa. Kesho yake shaushi aligundua kwamba jino bovu liko palepale, na lililotoka ni jirani yake, zima kabisa. Walikuja kumchukua, wakamlaza kifudifudi bomani, wakampiga hamsa ishirini, mapigo ishirini na matano, kwa kiboko. Mimi ndiye niliyempaka mafuta ya nyonyo mgongoni, nyama imechanika kama kitambaa. Nilikuwa nalia. Yeye alikuwa anaguna na kucheka, "Na lile bovu bado analo."

Tena alikuja daktari wa Kizungu aliyezunguka ziwa akitafuta vinywa vya watu. Alikuwa na mkalimani na sanduku la nta. Nta ilipashwa moto ikabandikwa kinywani mwa mtu ili ishike umbo la meno, na aliyekataa alishikwa na askari wawili, mmoja kichwa mmoja miguu. Mzee mmoja alipaliwa akazimia. Daktari alisema anataka kujua damu zetu zimechanganyika vipi, Mkisi na Mnyakyusa na Mkinga na watoto wa misafara ya watumwa, na kwamba meno yatamwambia. Baada ya nta akataka mafuvu ya makaburini. Mng'oaji akamwambia asihangaike na makaburi, yeye atamletea meno yaliyokwisha kupangwa kwa koo. Akamletea mfuko wa meno ya nyani na nguruwe mwitu. Yule bwana hakuwa mpumbavu, aliyatambua palepale, akambamiza mkono kwa kifuniko cha sanduku hadi kidole kidogo kikavunjika. Lakini alikuwa amekasirika mno, aliondoka siku ileile, na makaburi hayakuguswa.

Nilimwambia, "Mama, utakuja kuuawa kwa mchezo." Akasema, "Si mchezo. Meno ya watu ni kazi yangu, si yake."

Na kweli yalikuwa kazi yake. Sura za watu alizisahau, vinywa hakuvisahau. Sokoni angemwamkia mtu, "Mugonile, wewe mwenye gego la ziada!" na mtu anacheka kwa aibu. Alijua nani ana meno yaliyopandana kama baba yake, nani amerithi ufizi mweusi wa bibi yake mzaa mama, nani ana jino lenye mizizi minne. Alisema meno yanatembea ndani ya koo, yanaruka mtu, yanarudi kwa mjukuu, yanavuka na msichana akiolewa mbali. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kufungua midomo ya watu miaka nenda miaka rudi.

Ujuzi huo ulimletea jambo ambalo sipendi kulikumbuka, lakini picha yake haikamiliki nikiliacha. Kabla ya Mdachi, misafara ya watumwa ilikuwa imechukua watoto wengi wa ufukweni. Miaka ilipopita wengine walirudi watu wazima, Kikisi chetu kimewatoka, wanatafuta kwao. Wenye shaka walimwita Mng'oaji. Kijana wa kwanza alifunguliwa kinywa akakutwa na meno mawili ya mbele ya chini yaliyoungana yakawa moja pana, sawasawa na mama yake na mjomba wake. Vigelegele, watu wakalia, kijana akapewa nyumba.

Kijana wa pili alisema anakumbuka mto, anakumbuka nyumba, anakumbuka hata mbwa. Mng'oaji alipekua kinywa chake muda mrefu. "Sioni kitu cha ukoo huu," akasema, akanyamaza. Ndugu wa ukoo wakasema basi ni mwongo, ametumwa kupeleleza. Wakaanza kumpiga kwa makasia palepale mchangani. Watu wa soko nao wakaingia, wengine hawajui hata amefanya nini, na mama aliyepotelewa na mtoto alikuwa akipiga kelele mwacheni, mwacheni, hakuna anayemsikiliza. Wakampiga mpaka akaacha kusogea.

Mng'oaji alikaa mlangoni kwake siku ile yote. "Nilisema sioni," aliniambia. "Sikusema si wao. Nimefungua vinywa vya watoto wanne wa tumbo moja na baba mmoja, na wawili wao hawakufanana na mtu yeyote."

"Ungesema basi!" nilimkaripia. Nilikuwa na hasira naye, bado ninayo.

"Ningesema," akajibu. Mwanamke aliyeweza kupigana na shaushi, alishindwa kutamka maneno mawili mbele ya umati wenye makasia. Mwezi mzima hakung'oa jino la mtu, watu wakarudi makwao na mashavu yao yaliyovimba.

Sasa niseme langu, maana bila yeye nisingekuwa na la kusema.

Ukoo wa mume wangu ulijulikana kwa mapengo mawili. Meno mawili makubwa ya kati ya juu yaliota kama ya watu wote, lakini yale ya pembeni yake, moja huku na moja huku, hayakuota kabisa. Utotoni wanakuwa nayo, ya utoto. Yakishatoka, ndio basi. Walijivunia mapengo yale. Walipiga miluzi nayo ziwani, mtumbwi kwa mtumbwi, na ukiisikia unajua ni wao. Mtoto akifika miaka minane au tisa, wa kiume na wa kike, aliletwa mbele ya babu yake kufunguliwa mdomo. Babu anapitisha kidole penye pengo la kulia, anasema "Pengo!", anapitisha la kushoto, "Pengo!", na watu wanakula samaki. Mtoto ambaye meno yake yalijaa hakuwa wao. Mama yake alirudishwa kwao na alama za fimbo, na mtoto akaenda naye.

Niliolewa, na mwaka uleule askari walipita Lyulilo siku ya soko wakakamata wanawake wa kubeba mizigo. Nilibeba unga siku tisa. Njiani askari mmoja, mgeni wa mbali ambaye lugha yake sikuijua, alinichukua kwa nguvu, na sitaeleza zaidi ya hapo. Nilirudi. Mimba ilipoonekana mume wangu alianza kuhesabu siku, na hesabu haikumpa jibu, kwa sababu alikuwa amelala nami juma lile lile nililokamatwa. Alinipiga kwa kasia nikiwa na mimba ya miezi saba. Ubavu wangu unaniuma mpaka leo masika yakija.

Alipozaliwa mtoto wa kike, mume wangu aliingia ndani akamshika mguu mmoja akamning'iniza. "Ni wa askari! Sema!"

"Sijui," nilimwambia. Ndiyo ilikuwa kweli yangu yote.

Hapo ndipo uzio wa matete ulipopasuka. Mng'oaji aliingia na koleo, akalibana sikio la mume wangu, akalisokota mpaka mwanamume akapiga magoti, damu inamchirizika shingoni. "Mlaze mtoto taratibu," akasema. "La sivyo sikio hili nitaondoka nalo." Mume wangu akamlaza. "Ukoo wenu unahukumu kwa meno, sivyo? Huyu hana hata moja. Subiri ya ukubwani kama wanavyosubiri wengine."

Mume wangu alisimama, akashika sikio, akasema mbele ya majirani waliokwisha kujaa mlangoni, "Nitasubiri. Lakini yakiota, huyu harudishwi kwa mtu. Namfunga jiwe namtumbukiza ziwani, na mama yake atakuwa mtumbwini anatazama." Hakuna aliyecheka. Alikuwa mtu wa kutimiza neno, hata neno baya.

Miaka minane niliishi na ahadi ile. Mtoto alikua, mwembamba, mcheshi, anapenda kukaa kwenye mtumbwi uliopandishwa ufukweni. Meno yake ya utoto yaliota yote, na Mng'oaji akasema hayo hayana maana. Mume wangu hakumpiga mtoto wala hakumbeba. Alimzunguka kama mtu anavyozunguka shimo njiani. Mimi alinipiga, si kila siku. Yalipoanza kutoka meno ya utoto, nilikuwa nampapasa mwanangu ufizi kila asubuhi kabla hata sijawasha moto.

Asubuhi moja kidole kikagusa kitu kigumu. Kulia. Nikagusa kushoto. Pia. Wanaume walikuwa ziwani na nyavu. Nilimbeba mtoto mgongoni, mtoto mkubwa wa miaka minane, nikapita uzio.

Mng'oaji alimgeuzia juani akatazama. Alitazama kama alivyomtazama yule kijana wa pili.

"Nisikilize," akasema. "Ukoo ule una siri, na siri iko kwangu. Si wote wanaozaliwa na pengo safi. Wengine panaota kijino chembamba, kama punje ya mchele. Ni pengo lilelile, limekosea tu njia. Lakini wanaume wao hawajui, wao wakiona kitu cheupe wanasema mgeni. Basi mama zao huniletea watoto mchana, wanaume wakiwa majini, nang'oa. Nimeng'oa punje nyingi za ukoo ule. Za mume wako nilizing'oa mimi, mama mkwe wako amemshika miguu, akamdanganya ni meno ya utoto yaliyochelewa."

"Na haya ya mwanangu ni punje?"

"Geuka utazame ukuta."

"Mama, nakuuliza, ni punje?"

"Geuka!"

Nikageuka. Safari ile hakuzaba kofi, nalikumbuka hilo. Nilisikia koleo likibana, nikasikia mwanangu akilia kilio ambacho hata leo nikikisikia kwa mtoto wa mtu yeyote naondoka mahali. Mara mbili. Wanawake waliokuwa sokoni wakaanza kuja upande wetu, wanauliza kwa sauti, "Kuna nini hapo? Nani analia?" Mng'oaji akanivuta kwa bega, akanizaba kofi, nikaanguka, goti kifuani, na kabla sijaelewa akawa amening'oa gego zima, lisilo na kasoro, la nyuma chini. Nilipiga ukelele mpaka ndege wakaruka.

"Wakiuliza nani analia, fungua mdomo," akasema.

Nilitoka nje damu inanidondoka kidevuni, wanawake wakanionea huruma, "Pole, mama, pole sana," wakarudi kwenye samaki wao. Mwanangu alikuwa ndani amewekewa kitambaa kinywani. Yale meno yake Mng'oaji alikuwa ameyaweka chini ya ulimi wake mwenyewe. Alitembea zake mpaka ziwani akajifanya anasukutua, akayatema majini. Sikuyaona.

Fizi zilifunga. Msimu wa samaki mbasa kupanda mito ulipofika, baba mkwe aliita watu mwanangu afunguliwe mdomo. Huku kwetu mkwe wa kike haonani na baba mkwe, hakai mahali alipo, hata kivuli chake anakikwepa. Kwa hiyo siku ya kuamuliwa mwanangu aishi au afe, mimi nilikuwa nyuma ya ghala nimejifunika nguo kichwani. Nilisikia miguu ya watu. Nilisikia mtoto akipiga chafya. Kisha sauti ya mzee, "Pengo!" Nilikuwa nimeuma mkono wangu mwenyewe ili nisipige kelele. "Pengo!"

Mume wangu alilia kwa sauti, mbele ya wanaume wenzake. Siku tatu hakusema na mtu nyumbani. Siku ya nne alimwita mtoto, akamweka mbele ya mtumbwi, akaenda naye majini, na tangu siku hiyo hakwenda bila yeye. Alimfundisha kutupa wavu, kazi ambayo wasichana hawafundishwi. Alimfundisha kupiga mluzi. Mimi hakunigusa tena kwa fimbo wala kwa kofi. Sikumsamehe kwa hilo, naomba nieleweke. Mtu akiacha kukupiga hajakupa zawadi. Lakini kumtazama na mtoto yule nilipenda, haki ya Mungu nilipenda.

Vita vya wazungu kwa wazungu vilipokuja, binti alikuwa na miaka kumi na sita, ameshachumbiwa. Waingereza walipovuka mto Songwe, askari wa Mdachi walirudi nyuma wakipitia kwetu, wanachukua ng'ombe, mchele, wanaume wa kubeba, na wakikosa wanaume wanachukua yeyote. Watatu walikuja mlangoni petu. Mmoja akamwelekeza binti yangu kidole, "Huyu atabeba."

Nilijua kubeba ni nini. Mume wangu naye alijua. Alisimama mlangoni, mikono yote miwili kwenye miimo. "Nichukueni mimi."

"Wewe mzee. Tunamtaka huyu."

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Hapiti mtu hapa."

Walimpiga kitako cha bunduki kinywani, meno yake ya mbele yakavunjika, hakushusha mikono. Wakampiga tumboni. Aligeuza shingo akasema kwa Kikisi, "Kimbia," na binti akapasua ukuta wa nyuma wa matete akaingia ziwani. Mmoja wa askari akamchoma mume wangu singe ya bunduki, akaichomoa, akamchoma tena, na alikuwa bado amesimama. Walipomvuta aanguke, vidole vyake vilibaki na vibanzi vya mlango. Binti hawakumpata.

Mng'oaji hakuwepo siku hiyo. Macho yake yalikuwa yamekwisha, na mpwa wake alikuwa amemchukua akaishi naye Bondeni, Kyela. Matanga yalipokwisha nilitembea mpaka huko. Nilimkuta amekaa juani kwenye mkeka, amekonda, mdomo umeingia ndani, hana hata jino moja. Mng'oaji! Aliitambua sauti yangu nilipomwamkia, akanitukana kwa kuchelewa, kisha akanipa pole ya msiba. Nikamwambia nimekuja kuuliza jambo moja.

"Uliza. Mimi si wa kesho."

"Yale meno ya mwanangu. Yalikuwa punje, au yalikuwa meno?"

Alipapasa mkeka. "Miaka yote hukuuliza. Kwa nini leo?"

"Kwa sababu mume wangu amekufa kwa ajili yake. Amechomwa singe akisema huyu ni mwanangu. Nataka kujua nimemfanyia nini."

"Yalikuwa meno," akasema. "Mawili, mazima, mapana."

Nililia hapo mkekani kama sikuwahi kulia kaburini. Nilimwambia basi nilimdanganya miaka minane, nimemchezea akili, amekufia mtoto wa askari kwa mkono wa askari, na amekufa hajui.

"Nani hajui?" akasema Mng'oaji.

Nikainua uso.

"Alikuja kwangu siku ya pili baada ya mtoto kufunguliwa mdomo. Alikuwa amesikia sokoni kwamba uling'olewa gego, akakumbuka kwamba siku zilezile mtoto alikuwa anakula uji tu. Akaniuliza kama ulivyoniuliza wewe, punje au meno. Nilikuwa nimeshika koleo, nimejiandaa anipige nimpige."

"Ukamwambia?"

"Aliuliza kwa sauti ya chini. Nikamwambia meno. Akakaa mchangani. Nikaanza kumweleza kwamba hata jino zima si ushahidi, kwamba nimeona mtoto wa baba halali amekosa alama zote za kwao. Akanikatiza, 'Mama, sitaki tena hesabu za meno.' Akauliza nani mwingine anajua. Nikamwambia, 'Mkeo na mimi.'"

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Mke wangu asijue kwamba najua. Akijua, ataanza kuniogopa upya.'"

Mpwa wake alituletea maji, sikuyanywa. Mng'oaji akanyoosha mkono akatafuta uso wangu, akaupata, akauacha mkono pale. Nilikuwa nafikiria miaka ile minane ya mwisho, kila mmoja wetu anamficha mwenzake jambo lilelile chini ya paa moja, na kwamba mpaka asubuhi ile aliposimama mlangoni, mimi nilikuwa bado namwogopa.